Chokaa Isiyolala

Baba yangu alikuwa mchora mistari wa uwanja wa mpira. Kama unadhani hiyo si kazi, basi hujaona mechi inayochezwa bila mistari. Mimi nimeiona moja, wiki ambayo Baba alilala na homa. Kufika dakika ya kumi mpira ulikuwa nyuma ya banda la tiketi, na mabeki wawili wanaugombania huko huko, kila mmoja anaapa kwamba bado uko ndani. Baba aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. "Waache wajue nani anashika uwanja," akasema.

Aliushika uwanja ule miaka ishirini na sita kwa vitu vinne tu: kamba, vigingi viwili, na kopo lililotobolewa matundu chini. Lakini kazi yenyewe haikuwa kuchora. Kazi ilikuwa kulaza chokaa. Chokaa inayotoka tanuruni ni kali. Ukiimwagia maji inafoka na kutoa mvuke, na ikikushika penye jasho inakuunguza. Kwa hiyo kila Jumanne Baba aliitia kwenye pipa la maji, akaikoroga asubuhi na jioni, akaiacha mpaka itulie, ndipo aianike na kuichekecha. Alikuwa akiinamisha sikio juu ya pipa. "Bado inasema," ananiambia. Kesho yake: "Sasa inanong'ona." Akisema "Imelala," basi ungeweza kugaagaa juu yake na usipate hata muwasho. Alikuwa na mapipa mawili, moja la mechi na moja la akiba, mvua isije ikafuta mistari siku yenyewe.

Pipa la akiba ndilo nililomwibia. Nasema nilimwibia kwa sababu miaka tisa nimekuwa nikisema "nilimwomba", na neno hilo limenichosha.

Nilikuwa nimepata chumba cha kushonea nguo, chumba changu cha kwanza, chenye mlango wa kufunga mwenyewe na kuta nyeusi kwa moshi, maana aliyenitangulia alikuwa mchomelea vyuma. Mteja gani analeta kitambaa cheupe kwenye chumba kama kile? Nikamwendea Baba siku ya Alhamisi. Nikamwambia ile chokaa ya akiba imelala tangu wiki ya juzi, imekaa tu, na mwanao anashonea kwenye chumba cheusi kama jiko.

"Na mvua ikinyesha?" akauliza.

"Mvua gani, Baba? Kiangazi chote hiki?"

Alinitazama kwa lile jicho lake la kunihesabia makosa, halafu akacheka. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, mama alitutoka mapema, na nilimjulia pa kumshika. Ijumaa tukapaka kuta, yeye juu ya ngazi, mimi na ndoo chini, tukitaniana. Tulipomaliza chumba kilikuwa cheupe hata kikaumiza macho. Kesho yake kulikuwa na mechi.

Sasa nikuambie habari za Samahani. Alikuwa beki wa kati, namba tano, mrefu, mguu mzito. Alikuwa na jina lake la nyumbani lakini mashabiki walishalisahau. Alikuwa anamvaa mshambuliaji kwa nguvu zote, mpira anaupata, mtu analala chini, na hapo hapo anainama na kunyoosha mkono: "Samahani, kaka." Kila mara. Hata kwa wale waliomtukania mama. Kwanza watu walimcheka, halafu wakaanza kumwitikia jukwaani, uwanja mzima, "Samahaaani!", mpaka likawa jina. Kuna siku alimwambia refa, "Mpira umenigusa mimi, hiyo ni kona yao," na kona hiyo ikazaa bao. Mashabiki wetu walimfokea dakika tano. Wiki nzima iliyofuata walitamba naye vijiweni kana kwamba ule ukweli waliusema wao.

Baba alimpenda kwa jambo dogo zaidi. Wachezaji wote wakitoka chumba cha kubadilishia nguo hukanyaga mistari mibichi bila kuangalia chini. Samahani aliiruka. Anainua mguu juu, kama mtu anayemvuka mtoto aliyelala mkekani. "Mzee, leo umeinyoosha," anasema, na Baba anajifanya hakusikia. Jioni nyumbani atanirudia hilo mara tatu.

Jumamosi ile mvua ilinyesha saa saba mchana. Ilikuwa ya nusu saa tu, na nusu saa ilitosha. Mistari yote ikawa madimbwi meupe, mechi ni saa kumi, na wageni walikuwa wale watani wetu wa tangu zamani. Meneja wa uwanja akaja mbio. "Mzee, mistari! Mistari, mzee!" Baba akaenda stoo. Pipa la mechi lilikuwa limeishia kwenye ile mistari iliyofutika. Pipa la akiba lilikuwa kwenye kuta zangu. Kulikuwa na gunia moja limefungwa, chokaa ya tanuruni, haijaonja maji.

Alichora kwa gunia hilo. Alinieleza baadaye kwamba ilikuwa inafoka juu ya majani mabichi, mvuke mdogo mdogo unapanda nyuma yake, na kwamba aligeuka akauona. Meneja naye aliuona. "Tazama inavyong'aa!" akasema. Baba alijiambia itakuwa imepoa kabla ya filimbi. Na kweli ilipoa, sehemu nyingi. Kwenye ukingo wa boksi, ambako alirudia mara mbili ili uonekane vizuri, haikupoa.

Mimi nilikuwa jukwaani. Dakika ya sitini na kitu winga wao alikata kuingia boksini, Samahani akateleza chini, winga akaruka kumkwepa, mikono juu. Samahani akapita uso chini juu ya ule mstari. Mpira aliupata. Sote tukavuta pumzi tumpigie jina lake, tukangoja ainuke anyooshe mkono, na hakuinuka. Alikuwa amejikunja, amefunika jicho, na yule winga ndiye aliyeinama juu yake anauliza, "Kaka, vipi? Kaka?"

Tuliona kiwiko. Watu maelfu tuliona kiwiko ambacho hakikuwepo. Mimi mwenyewe nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele, "Kiwiko! Refa, kiwiko!" mpaka sauti ikanikauka.

Jicho halikupona. Kutoka kitanda cha hospitali Samahani alisema redioni, "Hakuna aliyenigusa. Nilisikia moto tu." Na hapo ndipo tabia yake nzuri ilipomponza mwenzake, kwa sababu nani angemwamini? "Si mnamjua Samahani," watu walisema, "hata umkate mguu atakuambia alijikwaa." Kadiri alivyomtetea yule winga, ndivyo sisi tulivyozidi kumchukia. Daktari aliposema jicho limeungua, vijiweni jibu lilikuwa tayari: winga alijipaka kiwikoni dawa ya kuchua misuli, ile kali. Wakamwita Kiwiko. Kila uwanja alioingia alizomewa kwa jina hilo, hata na watu ambao hawajawahi kuiona timu yetu. Msimu mmoja ulimtosha. Aliacha mpira ana miaka ishirini na mitatu, akaenda kufungua banda la kutengeneza baiskeli kule kituo cha mwisho cha basi.

Jioni ya mechi ile Baba alikuja chumbani kwangu hajanawa mikono. Alisimama katikati ya kuta zile nyeupe.

"Haikulala," akasema.

Sikuwa na haja ya kuuliza nini.

"Nitakwenda kusema."

"Utamwambia nani?"

"Mwenyewe. Na yule mtoto wa watu wanayemzomea."

Mwezi ule ule klabu ilikuwa imenipa kazi ya kushona namba kwenye jezi. Nikamwambia, "Baba, watakufukuza. Na mimi watanifukuza. Na jicho halitarudi." Nilisema hivyo neno kwa neno, nayakumbuka kwa sababu niliyarudia miaka minane. Kila alipofungua mdomo nilikuwa na jibu. Subiri msimu uishe. Subiri waache kulizungumza. Mwaka wa tano nikamwambia, "Sasa, Baba, si utaonekana uliwaficha?" Nilikuwa hodari, mimi. Nilikaa chini ya ule weupe nikishona namba migongoni mwa jezi, na ile namba tano waliyompa mtu mwingine niliishona kwa mkono wangu, nikakata uzi kwa meno.

Mara moja tu alinimalizia habari yote. Nilikuwa namkata kucha.

"Nilikuwa na ndoo ya maji mkononi," akasema.

"Ndoo gani tena?"

"Alipoanguka. Nilikuwa nyuma ya goli na ndoo. Yule wa huduma ya kwanza akaja na taulo kavu, akamfuta, akamfuta tena. Mwanangu, kila mtu wa chokaa anajua: ikiingia jichoni ni maji, maji mengi, hapo hapo. Nilitaka kupiga kelele, 'Maji!' Mdomo ukawa mzito. Ningesema maji, wangeuliza kwa nini maji."

Mkasi uliteleza ukamkata nyama. "Yameshapita hayo, Baba," nikasema, nikamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa.

Mwaka jana kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na pamoja nao karibu maneno yote. Yalimbakia mawili: maji na samahani. Mchana namketisha kwenye kiti chake humu chumbani, nishone huku namwona. Akisema "Maji," nampelekea kikombe, anakisukuma. Nampelekea tena, anakimwaga. Nilikuwa namkasirikia. "Baba, si wewe uliyeomba maji?" Miezi minne nilimpelekea kikombe kabla sijaelewa kwamba hakuwa na kiu.

Na akisema "Samahani," wateja wanatikisa vichwa. "Maskini mzee, mpira uko damuni. Jina la mwanawe limempotea, la mchezaji wake analo." Wengine wanamwitikia kwa kuvuta kama jukwaani, "Samahaaani!", wakidhani wanamfurahisha. Baba anafumba macho. Mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zake ziwafunike.

Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, mtu mrefu aliinama mlangoni akapiga hodi. Alikuwa na suruali mkononi na miwani yenye kioo kimoja cheusi. Nilimjua kabla hajanyoosha mgongo. Nilijua pia kwamba anaishi mji huu huu na ni mtunza stoo wa shule, na kwamba miaka tisa nimekuwa nikibadilisha njia nikimwona kwa mbali.

"Dada, nimeambiwa wewe ndiye fundi. Hii ni ndefu hata kwangu," akasema, akacheka. Halafu akageuza kichwa, kama wafanyavyo watu wa jicho moja, akamwona aliyekaa kwenye kiti. "Ah! Si mzee wa mistari huyu? Shikamoo, mzee wangu!"

Akachuchumaa mbele yake, bega likaegemea ukutani, likatoka jeupe. Akajipangusa. "Chokaa yako hii, mzee, hata ukutani inashika watu."

Baba alimtazama muda mrefu, mdomo ukicheza upande mmoja.

"Samahani," akasema.

"Naam, mzee wangu. Ndiye mimi."

"Samahani."

"Nipo. Nipo hapa." Akaniangalia, uso umemfurahi kabisa. "Ananikumbuka!"

"Samahani," Baba akasema mara ya tatu, na machozi yakamtoka, na ule mkono mzima ukawa unapapasa chini kando ya kiti, pale ambapo ndoo ingekuwa. Yule bwana akamfuta machozi kwa kidole chake na kuitika tena, "Naam, mzee." Angeitika mpaka jua lizame, mtu yule, ndivyo alivyoumbwa. Na chumbani humo aliyekuwa na ulimi mzima wa kusema lililobaki ni mimi peke yangu. Nilitamani mteja aingie. Nilitamani uzi ukatike, umeme ukatike, lolote. Nikaona aibu kwa kutamani.

"Hakuiti," nikasema.

"Eh?"

"Hakuiti, kaka. Anakuomba."

Nikamwambia yote. Gunia, mvuke, ndoo. Nikamwambia la pipa la akiba, na kwamba ukuta aliouegemea ndio hilo pipa. Nikamwambia kwamba Baba alitaka kusema siku ile ile na mimi ndiye niliyemziba mdomo, mwaka baada ya mwaka, na kwamba nilikuwa jukwaani napiga kelele za kiwiko. Sikujipunguzia hata moja. Baba alikuwa ananitazama muda wote, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakusema maji wala samahani.

Aliinuka taratibu. Akapitisha kidole ukutani, akakisogeza karibu na jicho lake akakiangalia. Mimi nikangoja aseme haina neno. Nakiri niliingoja hiyo haina neno kwa uchu, kama mtu mwenye haki nayo. Sisi wote tulimzoea hivyo, sisi ndio tuliompigia makofi kwa hilo. Hakuisema.

"Nilisema hakuna aliyenigusa," akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilisema redioni. Nilisema kwa viongozi. Nilikwenda mpaka nyumbani kwa yule kijana nikamwambia, na hata yeye aliniangalia tu. Hakuna aliyenisikiliza. Unajua kwa nini? Kwa sababu mlinipenda."

"Niambie nifanye nini, kaka."

"Mimi nina jicho moja, nimelizoea. Yule mwenzangu ana jina ambalo si lake. Kaanze huko."

Akamshika Baba ule mkono uliokufa, akauweka vizuri juu ya goti. "Nimesikia, mzee," akamwambia. Hakusema nimesamehe. Nimeshona nguo za kutosha kujua tofauti ya kupiga bandi, ule uzi wa kushikiza tu kwa muda, na kushona. Suruali aliiacha, akasema ataifuata Ijumaa. Mlangoni kulikuwa na ukanda wa chokaa iliyobanduka chini ya ukuta, mweupe, umenyooka. Nilikuwa namtazama miguu. Aliukanyaga.

Kesho yake nilimwacha Baba kwa jirani, nikafunga chumba, nikaenda kituo cha mwisho kwa miguu. Nilitaka njia iwe ndefu. Njia nzima nilitafuta neno. Samahani lisingefaa, kwa mtu yule hilo ni jina la mtu ambaye yeye alizomewa kwa ajili yake. Nikajaribu nisamehe. Nikajaribu niwie radhi, nikajaribu kunradhi, nikiyasema kwa sauti kidogo, mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama naumwa.

Banda lilikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amenenepa, ana upara, ameinamia beseni la maji, anazungusha ndani yake mpira wa tairi kutafuta tundu.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. "Pancha?"

"Hapana. Nimetoka mjini. Kule karibu na uwanja."

Mikono yake ikasimama majini. Aliinua macho akanitazama kama mtu aliyezoea kutukanwa anavyotazama, bila hasira, akingoja tu limalizike.

"Kama umekuja kuniita lile jina, niite uende zako, dada. Nina kazi."

Maneno yangu yote manne yakanikimbia.

"Sikuja kukuita jina," nikasema. "Baba yangu ndiye aliyechora ule mstari. Siku ile. Chokaa ilikuwa mbichi, ndiyo iliyomchoma jicho. Tumejua tangu jioni ile ile, na mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Mapovu yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu, moja baada ya jingine, na hakuyaangalia. Akatoa mkono wa kulia majini. Akaukunja, akageuza kiwiko chake kukitazama, maji yanamchuruzika mpaka kwapani.

"Kwa hiyo sikumgusa?" akauliza.